Uso wa Hawa

Mkwaruzo wa mwiko kwenye sufuria uliniamsha kabla ya kukucha. Mkwe wangu alikuwa akinikorogea uji wa safari. Hivyo nikapanda basi la Iringa nikiwa na uji wa moto tumboni na masikio yaliyokwisha kuamka.

Nyuma yangu katekista kijana alikuwa akimsifia mama aliyekaa naye picha mpya za kanisa alikosali Pasaka. "Yule Hawa, mama! Utadhani anapumua."

"Anapumua kweli. Ni Juliana, binti yangu wa kumzaa. Alikuwa akimpelekea mchoraji maji ya kunywa, naye akamwomba uso tu. Mwili na yale majani kabuni mwenyewe."

"Basi ni heshima, mama. Yumo kanisani."

"Heshima? Bikira kapewa uso wa Kizungu, na malaika wote vilevile. Alipotakiwa mwenye dhambi, ndipo wakamwona mwanangu! Wakwe wamekuja kulichukua jembe walilomposea. Wanasema hawamwozeshi kijana wao kwa rafiki wa nyoka."

"Lakini Hawa ni mama yetu sote."

"Basi kamwambie mchoraji amchore mama yako."

Baridi ilikuwa ikiingia dirishani; katekista akavua koti akamfunika yule mama magoti. Si mtoto mbaya, nikawaza. Ni usomi tu unaomsemesha hivyo.

Basi liliposimama, mama akamrudishia koti lake, akamshukuru.

"Ukija tena kuitazama picha," akasema, "pita na nyumbani, baba. Siku hizi hatutembelewi. Umwone Juliana akiwa amevaa nguo zake."