Rimu za Harusi ya Watiri

Kando ya kibanda cha kuziba pancha pale Skuta kuna benchi letu, na kila siku ikifika saa nane mchana linajaa watu wasio na haraka. Sisi wa Nyeri tunalima kahawa halafu tunakunywa chai, hadi Kioko alipotoka Machakos na birika lake kuja kutuuzia kahawa yetu wenyewe. Alhamisi ile Kingori aliegesha gari lake, Celica nyekundu, mbele yetu, akakaa, akashika kichwa. Jumamosi dadake Watiri anaolewa, na yeye ndiye wa kumpeleka kanisani kutoka nyumbani Mweiga. Baba yao aliahidi kufanya kazi hiyo mwenyewe, lakini tulimzika Januari. Kingori alitaka rimu mpya za magurudumu kabla ya siku hiyo, na muuzaji wa Nairobi alikuwa amempa hadi saa kumi achague, kwa sababu gari la mizigo halimngojei mtu.

Kingori: Iko seti mbili. Ya kwanza inchi kumi na saba, ofseti arobaini na tano. Ya pili inchi kumi na nane, ofseti thelathini. Upana ni moja.

Kioko: Ofseti ni nini? Nyinyi mnataja tu kama jina ya mtu.

Aliyejibu ni Ngatia, tunayemwita Injinia. Hutengeneza pampu za maji, na kwa maoni yake kila kitu duniani ni pampu ambayo haijafunguliwa.

Injinia: Ni pale rimu inafungiwa, kupima kutoka katikati yake. Namba ikiwa kubwa, gurudumu inaingia ndani. Ikiwa ndogo, inatoka nje. Hapo thelathini inatoka nje milimita kumi na tano kuliko ile ingine.

Nilikunywa kahawa yangu. Lilikuwa jambo la kwanza la maana kusemwa kwenye benchi hilo tangu Pasaka, na nilijua halitakuwa na mwenzake.

Kingori: Sasa mimi nataka hiyo ya kutoka nje. Gari inasimama vizuri, imetanua kifua. Lakini barabara ya kwetu iko na mashimo. Nikiingia shimo na watu ndani, tairi itakula fenda hapo juu yake.

Injinia: Hapo ndio watu wanakosea! Hizo namba ni za Nairobi. Huku ni juu, na ni baridi. Chuma ikipata baridi inafanya nini?

Kioko: Inakuwa baridi.

Injinia: Inajikunja! Rimu ya kumi na nane ikifika Nyeri asubuhi ni kumi na saba na nusu. Nunua kubwa bila wasiwasi.

Kingori: Na jua ikitoka?

Injinia: Harusi ni asubuhi.

Hapo Sajini aliweka kikombe chini. Jina lake ni Duncan, polisi mstaafu kutoka Busia. Uhamisho ulimleta Nyeri miaka ishirini iliyopita, akaoa hapa, akasahau kurudi.

Sajini: Kijana, sikiliza mtu amesimama barabarani maisha yake yote. Gari ya magurudumu ya nje haipendi kona. Imezoea kutanua, sasa inataka kwenda moja kwa moja. Niliona moja kule Kianyaga ikakataa kona kabisa, ikaingia kwa majani chai, dereva akiwa anaangalia tu.

Kingori: Alikuwa amelewa?

Sajini: Hiyo haikuwa kwa ripoti.

Kioko: Nyinyi wote mnasahau huu mlima wetu wa theluji.

Tulimtazama. Kioko huongea kidogo kwa sababu anahesabu vikombe, lakini akianza huwa amefikiria sana, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Kioko: Mlima kubwa vile lazima inavuta. Gari ikipita huku inalala upande wa mlima kidogo, hamjawahi kusikia? Kwa hivyo unanunua seti zote mbili. Ile ya kutoka nje unaweka upande wa mlima, iwe kama mguu ya kuegemea. Ile ingine upande wa vilima vya Aberdare.

Injinia: Haiya! Na wakati wa kurudi? Mlima si utakuwa upande ule mwingine?

Kioko: Arudi na rivasi.

Tulicheka hadi fundi wa pancha akatoka kuangalia. Kingori hakucheka.

Kingori: Nyinyi mnacheza. Hawa watu wa bwana harusi wanakuja na magari kubwa kubwa. Wakifika pale kwa geti na waone dada yangu ametolewa na gari ya rimu za zamani, watasema nini? Watasema hana wenyewe. Baba angekuwa, singejali. Lakini sasa mwenyewe ni mimi.

Namjua Kingori tangu akiwa na suruali fupi, na moyo uliniuma kumwona hivyo. Sajini akamjazia kikombe bila kuombwa. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Wakati huo Watiri mwenyewe akaja, ametoka kwa fundi wa nguo, amebeba mfuko mkubwa wa gauni kifuani kama godoro. Akasalimia kila mtu kwa mkono, akauliza tunabishania nini. Injinia akamweleza yote, milimita kwa milimita. Watiri akasikiliza mpaka mwisho, akaizunguka Celica mara moja.

Watiri: Shosho ataingilia wapi?

Injinia: Shosho? Nyanya yenu?

Watiri: Ndiye ataniingiza kanisani. Si tutakuwa na yeye kwa gari?

Tuligeuka wote kuitazama ile Celica. Ina milango miwili. Ilikuwa na milango miwili tangu saa nane.

Injinia: Ni rahisi. Unavuta hii, kiti inalala mbele, anapita hapa kwa pembeni.

Watiri: Injinia, huyo ni shosho, si mbuzi. Ako na miaka themanini na nane na magoti mbaya.

Kingori: Basi yeye akae mbele. Wewe uende nyuma.

Watiri aliinua ule mfuko.

Watiri: Na hii?

Sajini akasema atajaribu, kwa kuwa naye ana magoti. Aliingia nyuma vizuri. Kumtoa kulihitaji mimi, Kioko na fundi wa pancha, na kofia yake ilibaki ndani. Kingori alikuwa ameinamia paa la gari, macho yamelowa.

Kingori: Nilitaka tu upelekwe vizuri.

Watiri: Baba hakusema nitapelekwa na Celica. Alisema nitapelekwa na mtu wetu. Hata ukinipeleka na gari ya maziwa, shosho akiwa kando yangu na wewe umeshika usukani, mimi nimefika.

Simu ya Kingori ikalia. Akaiweka kwa sauti ili sote tusikie. Ni muuzaji wa Nairobi.

— Bosi, mizigo inafungwa. Ni kumi na saba ama kumi na nane?

Kingori akapangusa uso kwa kiganja, akamtazama dadake.

— Hebu wacha rimu kwanza. Wewe unajua mtu ako na gari ya milango nne?