Diski ya Mama Mshonaji

Mpwa: Haloo, nani mwenzangu?

Mjomba: Haloo? Unanisikia? Halo—

Mpwa: Nakusikia. Nauliza ni nani, namba siijui.

Mjomba: Mjomba wako. Nimeazima simu ya jirani, maana yangu ukiiona huipokei.

Mpwa: Shikamoo.

Mjomba: Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama yako je?

Mpwa: Hajambo.

Mjomba: Na masomo?

Mpwa: Mjomba, miaka miwili hujauliza masomo. Sema shida yako.

Mjomba: Loo. Bubu siku hizi una mdomo.

Mpwa: Usiniite Bubu.

Mjomba: Haya, yaishe. Sikia, simu ya watu hii na salio lenyewe kiduchu. Nina ile kompyuta ya Bwana Posta hapa mezani. Ile kuukuu ya kijivu, kioo chake kina kisogo kirefu. Unaikumbuka?

Mpwa: Niliipiga mswaki mimi kutoa vumbi. Naikumbuka.

Mjomba: Hiyo hiyo. Haioni diski. Unawasha, inahesabu namba zake, inafikiri, halafu inakuandikia kwamba diski haipo. Na diski naiona kwa macho yangu, imekaa pale imetulia. Niko nayo tangu asubuhi. Bwana Posta yuko kwenye benchi ananitazama kama msimamizi wa mtihani. Anasema mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiwachapia watoto barua kila Jumapili, na zote zimo humo. Kesho anarudi kwa mwanawe.

Mpwa: Na mafundi wote hawa, umeona umpigie mwizi.

Mjomba: Ah. Tusianze hayo.

Mpwa: Sijaanza mimi.

Mjomba: Mambo yamepita, bwana, sisi ni dam—

Mpwa: Yamepita kwako. Ulisimama mlangoni ukawaambia watu kwamba diski ya Mama Mshonaji nimeiiba mimi, nimeiuza. Ukanipekua mkoba mbele ya wateja saba. Niliwahesabu. Daftari langu la hesabu lilianguka, yule mteja wa redio akalikanyaga.

Mjomba: Nilikuwa na hasira. Diski ilikuwa na picha za bintiye, wote tulijua huyo mtoto hayupo tena, na yule mama ananililia pale. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mpwa: Ningetafuta.

Mjomba: [mkwaruzo wa mtandao] ...nini? Sikusikia.

Mpwa: Nimesema ningetafuta. Na Mama Mshonaji akamfukuza mama yangu kazi ya cherehani kesho yake. Alimwambia mama wa mwizi hakai na vitambaa vya watu. Hilo ulilisikia, maana kuta zenu zinagusana. Haya. Umeangalia waya mpana?

Mjomba: Nini?

Mpwa: Ule bapa kama utepe. Mstari mwekundu unatazama wapi?

Mjomba: Aa. Sasa tunaongea. Mstari mwekundu uko upande wa plagi ya umeme, kama inavyotakiwa. Nimeuchomoa, nimeupuliza, nimeurudisha.

Mpwa: Plagi ya umeme?

Mjomba: Nimebadilisha. Nimejaribu mbili.

Mpwa: Weka kiganja juu ya diski halafu washa. Inatetemeka?

Mjomba: Ngoja. [mbofyo] Inatetemeka. Ina uhai kabisa, ila haitaki kusema na mwenzake. Bwana Posta anauliza naongea na nani. Nimemwambia fundi wa makao makuu.

Mpwa: Zima. Sasa weka simu ndani ya boksi, karibu kabisa. Washa. Usiongee.

Mjomba: Unataka kusikiliza injini? Wewe na masikio yako—

Mpwa: Usiongee, Mjomba.

Mjomba: [mbofyo, mvumo mrefu] Haya, umesi—

Mpwa: Zima. Washa tena.

Mjomba: [mbofyo, mvumo mrefu] Haloo? Upo? Imekatika hii?

Mpwa: Nipo. Zima. Mjomba, mara ya mwisho kompyuta hiyo kuja kwako ilikuwa lini?

Mjomba: Zamani. Kabla mzee hajahamia kwa mwanawe.

Mpwa: Wiki gani?

Mjomba: Mimi siandiki wiki, unanijua, kila kitu kiko kichwani. Ilikuwa... wiki ile ya vurugu lako, nadhani. Alikuja kuichukua na gari limejaa mizigo. Akaiacha kwenye nyumba yake ya hapa mtaani, imefunikwa shuka, hajaigusa mpaka leo asubuhi.

Mpwa: Sawa. Nimejua ina nini.

Mjomba: Si ndiyo nikakupigia. Sema basi.

Mpwa: Weka sauti kubwa, simu iwe mezani.

Mjomba: Ya nini? Mikono yangu yote—

Mpwa: Na umwite Mama Mshonaji.

Mjomba: Nani?

Mpwa: Umesikia. Mlango wa pili. Mwambie aje asimame hapo mezani. Asipokuja, mimi nakata.

Mjomba: Mtoto, huyu Mshonaji anahusiana nini na kompyuta ya watu? Unataka asikie kwamba nimekuomba msaada? Nikusifu mbele yake, roho yako itulie?

Mpwa: Kama unataka kunisifu, nisifu. Ila aje.

Mjomba: Siku hizi una jeuri. Ulikuwa unaongea na bisibisi tu.

Mpwa: Kwaheri, Mjomba.

Mjomba: Ngoja, ngoja. Usikate. Naenda. [hatua, mlango, sauti za mbali, cherehani inanyamaza]...Haya. Amekuja. Anasema ana nguo ya bibi harusi mezani na hana dakika mbili. Bado ana pini mdomoni.

Mpwa: Ni sauti kubwa?

Mjomba: Ni sauti kubwa.

Mpwa: Mama Mshonaji, shikamoo. Bwana Posta, shikamoo.

Mjomba: Bwana Posta ameitikia. Huyu mwingine amekunja mikono.

Mpwa: Si kitu. Nitaongea polepole. Mjomba, shika ule waya mpana. Una midomo mingapi?

Mjomba: Mitatu. Kila fundi anajua.

Mpwa: Mmoja uko wapi?

Mjomba: Kwenye bodi kubwa.

Mpwa: Wa mwisho?

Mjomba: Kwenye diski.

Mpwa: Na wa katikati?

Mjomba: Wa katikati hauna kazi. Unaning'inia tu.

Mpwa: Unaning'inia wapi? Fuata kwa kidole. Usitumie macho, tumia kidole, kama ulivyonifundisha mwenyewe.

Mjomba: Unashuka... unapita nyuma ya kisoma disketi... huku chini ni giza, kuna vumbi... Umeshika kitu.

Mpwa: Kitu gani?

Mjomba: Sijui. Chuma.

Mpwa: Upande wa kulia wa boksi kuna kifuniko kingine, skrubu mbili. Hukukifungua, sivyo? Wewe hufungua cha kushoto tu.

Mjomba: Skrubu zenyewe zimeshika kutu.

Mpwa: Zimeshikaje kutu, na mkono wako uligusa humo miaka miwili tu iliyopita?

Mjomba: Sikia, mtandao hapa mbaya, unasikia unavyokwaruza? Nitakupigia baadaye tukiwa wawi—

Mpwa: Mtandao ni mzuri. Mama Mshonaji, tafadhali mama, sogea. Simama upande wa kulia wa meza. Bwana Posta, mkabidhi Mama Mshonaji bisibisi.

Mjomba: Bwana Posta, kaa tu, mzee wangu, nita... Haya. Haya, nafungua mwenyewe. [skrubu inalia, nyingine inaanguka sakafuni] Imefunguka.

Mpwa: Mjomba, nilisikia injini mbili zikiamka. Moja nzito, halafu nyingine nyembamba nyuma yake. Kompyuta ya Bwana Posta ina diski moja tu. Kuna nini humo?

Mjomba: Kuna diski.

Mpwa: Ina karatasi imebandikwa mgongoni? Nilikuwa nazibandika zote, ukanicheka, ukasema duka halijawa zahanati. Kama haina karatasi, naomba radhi kwenu wote watatu na sitaongea tena. Kama inayo, isome.

Mjomba: Wino umefifia, haisome—

Mpwa: Mpe yeye.

Mjomba: Sijampa. Ameichukua.

Mpwa: Anasemaje?

Mjomba: Hasemi. Ametoa pini mdomoni, moja moja, anazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Anaisoma. Ni mwandiko wako. Jina lake na tarehe, na umeandika "picha za binti, usifute." Amekaa chini. Ameikalisha mapajani. Sasa jamani, mambo haya ni ya kawaida, kazi nyingi, mtu unaazima diski ya huyu dakika moja kujaribu waya wa yule, simu inaita, unafunga boksi, unasahau. Mtu yeyote—

Mpwa: Bwana Posta anangoja. Nimweleze ubovu wake. Diski zote mbili zilikuwa zimepangwa kuwa wakubwa kwenye waya mmoja. Kompyuta ikiuliza nani mkubwa hapa, zote zinajibu kwa pamoja. Haisikii yeyote, inaandika hakuna mtu. Barua zako zipo salama, mzee. Hazikuwa zimepotea. Zilikuwa zimefunikwa na sauti ya diski nyingine.

Mjomba: Anaitikia kwa kichwa. Anasema ahsante. Basi nimechomoa mdomo wa katikati, si ndiyo? Nawasha. [mbofyo; mvumo mmoja] ...Inahesabu... inafikiri... Ah. Bado inaandika haipo.

Mpwa: Najua.

Mjomba: Unajuaje?

Mpwa: Kwa sababu bado kuna hatua moja. Ya sekunde tano. Ulipoziweka mbili, ulihamisha kile kidude cheusi cha diski ya Bwana Posta, jampa ile inayoipa diski cheo chake, ndogo kama punje ya mchele. Sasa iko peke yake lakini imepangwa kama ina mwenzake.

Mjomba: Kwa hiyo niisogeze wapi? Kuna pini kumi hapa, na mchoro umefutika.

Mpwa: Nitasema. Kwanza nijibu kitu.

Mjomba: Uliza haraka. Simu inanipa mlio, salio linaisha.

Mpwa: Ulijua lini?

Mjomba: Nilijua nini? Nimeiona sasa hivi na nyinyi wote, Bwana Posta shahidi.

Mpwa: Sikuulizi ilikuwa wapi. Nauliza ulikumbuka lini kwamba uliitoa rafuni wewe mwenyewe.

Mjomba: [mlio mfupi]

Mpwa: Maneno haya nimeuambia mto wangu wa kulalia miaka miwili, Mjomba. Najua kila jibu unaloweza kunipa. Chagua moja.

Mjomba: Punguza sauti.

Mpwa: Ni wewe uliyeweka sauti kubwa.

Mjomba: Nilikuwa na duka. Watu wangesema fundi anapoteza vitu vya watu. Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa na shule yako, nilijua utasahau. Nilikumbuka niliitoa, sawa? Sikukumbuka niliitia kwenye boksi la nani. Ningekumbuka ningeirudisha, naapa.

Mpwa: Lini?

Mjomba: [mlio mfupi] Jioni ile ile.

Mpwa: Mama alikuwa bado ana kazi jioni ile. Kesho yake asubuhi alitolewa. Ulikuwa na usiku mzima, na hatua tano mpaka mlango wa pili.

Mjomba: Mpwa wangu, nakuomba. Mbele ya mteja usinifanyie hivi. Nitakuja nyumbani, nitapiga magoti kwa dada yangu, chochote. Wewe nipe hiyo pini tu, mzee apate barua zake, mimi nifunge boksi kwa heshima.

Mpwa: Bwana Posta, unanisikia? Beba kompyuta yako na waya zake zote. Nitaitengeneza kwenye meza ya jikoni ya mama yangu, na leo hii utasoma barua zako. Mama Mshonaji anapajua kwetu.

Mjomba: Usifanye hivyo. Mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri, huyu mama anashonea kila nyumba. [mlio mfupi] Salio hilo, linakata. Nipigie wewe, nipigie namba hii tumalizane kifam—

Mpwa: Salio ninalo. Sipigi.

Mjomba: Ngoja. Mzee, acha, hiyo nzito, kaa... Mama, mwambie akae... Anafungasha. Amezungushia shuka. Mama Mshonaji amekumbatia kioo, na ile diski ameibana kwapani. Haloo? Upo? Wanaulizwa na watu pale nje, mpwa wangu, na huyu mama anawaji— [simu inakatika]