Mma Tshenolo wa Ukurasa wa Maji

Miaka thelathini na minne na miezi saba. Huo ndio muda ambao Mma Kelebonye Tshenolo, Mkuu wa Idara ya Mipango ya Ardhi, ameitumikia Halmashauri ya Wilaya ya Motswiri, tangu Aprili 1, 1991 hadi atakapokabidhi funguo Ijumaa hii, Oktoba 31, 2025. Wakurugenzi saba wamekuja na kuondoka mbele ya macho yake, ofisi imehama mara mbili, na feni ya dari iliyokuwa ikipiga kelele alipoajiriwa tumehama nayo na bado inapiga kelele. Anastaafu akiwa na afya njema, meno yake yote, na bila kiwanja.

Hilo la kiwanja lazima nilieleze, maana kwa wiki tatu sasa halmashauri nzima haina habari nyingine. Kila aliyepita ukumbini aliuliza jambo hilohilo: je, Mma atasaini mpango wa Sekgwaneng kabla hajaondoka? Sekgwaneng ndiko alikozaliwa na ndiko anakotaka kujenga. Ameomba kiwanja kama mwananchi yeyote, akasubiri kama mwananchi yeyote, na saini pekee iliyokosekana ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na mitano, kazi yake kuchora ramani kwa kalamu ya wino. Siku zile mpango wa matumizi ya ardhi ulikuwa mchoro wa rangi: njano makazi, bluu shule, kijani malisho. Maji yalikuwa kiduara kidogo pembeni kilichoandikwa "kisima", na hakuna aliyeuliza kisima hicho kinatoa kiasi gani wala kinawatosha wangapi. Hivyo ndivyo alivyokichora kijiji cha Mokgalo mwaka 1996: viwanja mia tatu, mistari imenyooka, wakubwa wakamsifu. Miaka miwili baadaye alipita huko akakuta mabomba yanatoa upepo na kina mama wanasukuma toroli za madumu katika barabara aliyoichora yeye. Mama huyu ana utani kwa kila kitu, lakini hilo hulisimulia bila kucheka: "Niliwapa barabara pana ya kusukumia toroli."

Mokgalo ndiyo iliyozaa Ukurasa wa Maji. Ni karatasi moja yenye maswali manne: watu watakuwa wangapi siku wanapokuwa wengi kuliko siku zote, maji yatatoka wapi, nani ameyaahidi kwa maandishi, na yatafika lini. Mpango wa kijiji au mji usio na ukurasa huo hauendi kwa madiwani, na bodi ya ardhi haigawi hata kiwanja kimoja. Madiwani waliukataa mara mbili, wakaupitisha mara ya tatu, mwaka 2003, nadhani kwa kuchoshwa naye. Mpima ardhi mmoja, ambaye simtaji kwa sababu tunakula naye meza moja, aliwahi kujibu swali la pili hivi: "Yatatoka mbinguni." Faili lilimrudia mchana huohuo likiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Taja tarehe."

Vijijini alikuwa na mtindo wake wa kazi. Akishamsalimu chifu, hakuomba takwimu, aliomba maji ya kunywa. Kwetu mgeni hanyimwi maji, naye aliitumia heshima hiyo bila huruma. Alikunywa kwenye nyumba ya mwanzo wa kijiji, akanywa katikati, akamalizia kwenye nyumba ya mwisho kabisa, huku akiangalia kama glasi imetoka bombani, ndooni au kwa jirani. Glasi ikichelewa, aliandika kwenye daftari. Dereva wetu, Rra, yaani Bwana, Gabanakgosi, aliyelazimika kusimamisha gari kila baada ya vichaka vitatu wakati wa kurudi, alikuwa akilalamika waziwazi: "Mimi siendeshi ofisa hapa, naendesha tangi."

Mimi niliyeshika kalamu hii, Oteng Ditsele, nilikuja chini yake mwishoni mwa mwaka 2012 nikiwa na digrii na viatu vipya. Akanituma Sekgwaneng kuhesabu watu kwa ajili ya mpango mpya. Nikaenda Januari. Nilipita nyumba kwa nyumba siku tisa, nikarudi na jibu safi kabisa: watu elfu tatu na mia moja. Hakuangalia hesabu, aliangalia tarehe.

"Januari, mwanangu? Mvua imenyesha, watu wote wako shambani wanalima, vijana wako kwenye ng'ombe, halafu wewe unahesabu Sekgwaneng? Hizi ulizohesabu ni kufuli."

Nilitamani sakafu inimeze. Kwetu mtu ana nyumba kijijini, kibanda shambani na zizi huko kwenye malisho, na kila msimu una mahali pake. Kosa la kumtafuta mahali pasipo pa msimu wake hufanywa na wageni. Mimi ni mzaliwa wa hukuhuku, na Januari ile mama yangu mzazi alikuwa shambani na jembe mkononi. Mma Tshenolo alisubiri hadi Desemba akanirudisha, wiki ya Krismasi, magari ya mjini yamejaa hadi kwenye njia za mbuzi. Nilikula nyama ya kupondwa kwenye harusi sita na nikahesabu watu elfu saba na mia mbili, na siku ya tatu mabomba ya kijiji yakakauka nikiyatazama. Nilipompigia simu kumweleza, alisema tu, "Hao ndio watu. Andika."

Kwa idadi hiyo, maji ya Sekgwaneng yaliweza kubeba viwanja mia nne na themanini. Ramani ilikuwa na viwanja mia tisa, na waombaji walikuwa wamengoja miaka kumi na mmoja. Mkurugenzi wa wakati huo alitaka tuwapelekee barua. Mma Tshenolo akatoa kwenye droo ile sketi ndefu aliyoiweka kwa ajili ya kgotla, baraza la kijiji, ambako mwanamke haingii na suruali, akaenda kuwaambia ana kwa ana.

Nilikuwepo, na sitaki kurudia siku ile. Diwani, Rra Segaetsho, alisimama akaunyosha mkono kuelekea kwake: "Huyu mama angezaa leo, mtoto angepewa bomba kabla ya jina!" Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mwingine akadakia kutoka nyuma, "Tupe ardhi, mama, maji tutajua wenyewe!"

"Mtajua nini?" aliuliza, sauti imetulia. "Mwaka wa kwanza mtajua kuazima kwa jirani. Mwaka wa pili jirani atajua kufunga geti."

Kisha akaniamuru nisome orodha kwa tarehe za maombi. Mia nne na themanini wa kwanza wangepata sasa, waliobaki wangesubiri visima vipya. Nilisoma jina moja baada ya jingine, nikavuka mstari wa mia nne na themanini, nikaendelea, hadi nikafika namba 611. Ilikuwa Tshenolo, Kelebonye. Hakuwa ameniambia. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akapiga kigelegele: "Jamani! Kajifungia nje mwenyewe!" Kicheko kilichofuata hakikuwa kama kile cha kwanza. Mkutano uliisha kwa amani, na Rra Segaetsho mwenyewe ndiye aliyetusindikiza hadi kwenye gari.

Wale mia nne na themanini walijenga. Ikaja miaka miwili ya ukame, na mabomba yao yalikatika mara moja tu, pampu ilipoungua. Rra Segaetsho, ambaye yumo miongoni mwao, humpigia simu kila Septemba kumringishia kabichi zake, na kila Septemba hukaripiwa kwamba maji yale ni ya kunywa. Wilaya nne za jirani zimekuja kunakili Ukurasa wa Maji. Maofisa kumi na wanne wamefundishwa kazi na mama huyu, na wote wanaogopa wino mwekundu hadi leo.

Nisije nikamfanya malaika. Hajui kuegesha gari, na ukuta wa stoo unajua hilo. Kwenye kwaya ya wafanyakazi huimba kwa nguvu zote na kwa noti yake binafsi. Mara mbili alipitwa katika nafasi ya naibu mkurugenzi kwa sababu aliambiwa anachelewesha maendeleo, na mara zote mbili alikuja kesho yake na keki za kukaanga za ofisi nzima. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, na hasira hiyo ninayo bado.

Sasa tufike mwaka huu. Sekgwaneng walichimbiwa visima viwili vipya, na ripoti ya Aprili ikasema maji yanatosha viwanja vyote mia nne na ishirini vilivyobaki. Tulifurahi sana. Bodi ya ardhi iliandaa hati, na tukapanga kwa siri kwamba hati ya namba 611 atakabidhiwa kwenye sherehe hii ya kumuaga, ikiwa na utepe. Ilibaki Mma asaini.

Alisoma ripoti mara moja, akavua miwani. Visima vilikuwa vimepimwa Aprili, mvua ikiwa imetoka tu kuisha.

"Kupima kisima Aprili ni kumpima uzito bwana harusi akitoka karamuni," alisema. "Kipimeni Oktoba."

Wachimbaji walinung'unika, lakini walirudi na pampu zao katikati ya mwezi huu, wakati ardhi imekauka hadi ng'ombe wanatembea kandokando ya kuta wakitafuta kivuli. Walivuta maji siku tatu mfululizo. Majibu yalifika Jumatatu: visima vinabeba viwanja mia moja na ishirini, basi. Jumlisha na vile mia nne na themanini, unapata mia sita kamili.

Ofisi nzima ilijikuta mezani kwake bila kuitwa. Wapima ardhi, makarani, Rra Gabanakgosi na ufunguo wa gari mkononi. "Ongeza kumi na moja tu, Mma!" tulimwambia. "Kisima kitajuaje?" Naandika "tulimwambia" kwa sababu na mimi nilisema, tena kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Alitusikiliza hadi tukaishiwa. Halafu akasema, "Hao kumi na mmoja wana wajomba. Na wajomba wanakuja Krismasi." Jumanne asubuhi, Oktoba 28, aliandika mia sita kwenye Ukurasa wa Maji, akasaini mpango wake wa mwisho, akauliza kama chai iko tayari. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya stoo, nikalia. Sioni aibu kuyasema hayo.

Familia mia moja na ishirini za Sekgwaneng zinapata viwanja vyenye maji ya uhakika. Mma Tshenolo anakwenda kuishi kwenye kibanda cha marehemu mama yake, shambani, na zawadi yetu kwake ni tangi kubwa la kukingia maji ya paa. Rra Gabanakgosi amejitolea kulipeleka Jumamosi. Amesema angalau safari hii tangi halitamwomba asimame vichakani.

Mma, kwa niaba ya idara na halmashauri, asante kwa kila mpango uliourudisha na kila kijiji ulichokinywea maji. Tunakuombea mvua ya wakati wake, mtama uliojaa masuke, na wajukuu wasiokupa nafasi ya kutukumbuka.

Viwanja mia tatu vya Sekgwaneng vimebaki, na chako ni cha kumi na moja. Faili lake liko mezani kwangu tangu jana, na kuanzia Jumatatu anayesaini ni mimi. Kila Oktoba nitavipima visima vile. Nakupenda kama mama yangu, Mma, na naahidi mbele ya wafanyakazi wote waliokusanyika hapa: maji yasipotosha, sikupi kiwanja.