Shukrani kwa Mwenye Shamba

Kwenye treni ya kutoka Mpanda, mzee mmoja aitwaye Egide alikuwa akilalamika kwamba mtaro mpya wa maji ya mvua umekula kipande cha shamba lake nyuma ya soko. Mama aliyeketi mbele yake alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba, sisi tunakaa bondeni, chini ya shamba lako," alisema. "Zamani mvua ilikuwa inatuletea uchafu wa sokoni mpaka kisimani. Binti yangu aliharisha akalazwa. Mwaka huu kisima kimebaki safi. Nashukuru sana."

"Sikutoa kwa hiari, mama."

"Hata hivyo nashukuru."

Mzee hakuwa amejiandaa kushukuriwa. "Na binti sasa anaendeleaje?" akauliza.

Treni iliposimama Katumba, mama alikuwa bado anaeleza, na mzee, aliyepaswa kushuka hapo, alikuwa bado ameketi akisikiliza.