Mrihani wa Nne wa Mwalimu

Mbele yangu kwenye basi, mwalimu mstaafu wa kilimo alimlalamikia kinyozi aliyeketi naye: "Mrihani wangu wa nne umekauka. Nimefundisha miaka thelathini, ndugu yangu, na wajukuu wananicheka."

"Huwa unaukata ncha?"

"Nikate mmea mgonjwa?"

"Kata kabla haujatoa maua, uchipue pembeni. Mimi kinyozi nakuambia."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mke wangu ananiambia hivyo tangu mwaka juzi. Nikamjibu asinifundishe kazi."

"Basi kamwombe radhi."

"Kwa sababu ya mmea?"

"Kwa sababu ya mdomo, mwalimu."

Nilijikohoza nisicheke. Basi likasimama. "Mimi nashukia hapa," alisema mwalimu, lakini hakuinuka.