Mzee Kona Anastaafu Kazi, Hastaafu Nchi

Tarehe thelathini mwezi huu, kazi za siku zikiisha, mkuu wetu wa upakiaji, ambaye ghala zima linamwita Mzee Kona, atavua kofia yake ngumu na kuitundika ukutani kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia kampuni hii kwa miaka thelathini na minne. Hakuna aliyeko kazini leo aliyemtangulia. Mkurugenzi mwenyewe alimkuta.

Mimi ni karani wa mapokezi ya mizigo, na tumekaa dirisha moja muda mrefu kiasi kwamba namjua kwa kikohozi kabla sijamwona. Ofisa Utumishi aliponikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya programu ya hafla ya leo ya kumuaga, aliniomba uwe mfupi, mchangamfu, wenye vichekesho viwili vitatu, na nisiguse mambo ya vibali. Vichekesho vipo. Kwa hilo jingine anisamehe.

Mzee Kona aliletwa hapa akiwa kijana ambaye ndevu hazijamkolea, kutoka nchi iliyo mbali sana na yetu. Wao wakizima taa, sisi ndio kwanza tunafungua ghala. Hakuja kubahatisha maisha. Kampuni ndiyo iliyomfuata. Ilikuwa imeanza kununua kwao cherehani, vitambaa na vipuri, na kuwauzia ngozi na alizeti, lakini pande mbili hazikuelewana hata salamu. Wao walifunga mzigo wanavyojua, sisi tukaufungua tunavyojua, na katikati vitu vikavunjika na watu wakatukanana kwa simu, kila mmoja kwa lugha yake. Yeye alikuwa ameokota lugha yetu kwa wafanyabiashara wetu waliokuwa wakifika mjini kwao. Akaombwa aje kwa muda, ausimamie upakiaji na awapatanishe watu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alipewa siku ya kwanza, kabla hajaoneshwa hata pa kulala. Amelima nalo mpaka mvi zimemjaa, na leo tunaambiwa kwamba bado ni mgeni.

Jina la Kona alilipata kwa kazi yake. Kontena likishajazwa, huwa inabaki nafasi karibu na milango, pale ambapo sanduku jingine haliingii. Wapakiaji wengine huziba hapo kwa magunia matupu. Yeye alipafanya mlango wa jamaa za watu. Aliyekuwa na ndugu upande wa pili, na siku hizi nani hana, alimletea kifurushi kidogo, naye akakikagua, akakifunga vizuri na kukipachika kwenye kona. Vijana wetu waliokwenda kufanya kazi viwandani kwao walivalishwa na kona hiyo. Miwani ilipita pale, na fimbo ya kutembelea, na gauni la harusi lililofika bibi harusi akiwa tayari amesukwa nywele. Mama yangu alimpelekea kaka yangu mto wa kulalia, kwa sababu kaka alilalamika kwamba mito ya huko inamzamisha kichwa. Mzee Kona hakucheka. Alisema usingizi nao ni mzigo wa haraka.

Kichekesho nilichoahidi ni cha saa. Shangazi mmoja alimtumia mwanawe saa ya kengele, asichelewe kazini, na hakutoa betri. Ikaanza kulia ndani ya kontena likiwa bandarini. Watu wa forodha wakakimbia, wakazungushia kamba, wakamwita Mzee Kona aje aeleze anasafirisha nini. Alifungua milango mwenyewe, akaingiza mkono, akainyamazisha kama unavyomnyamazisha mtoto. Tangu siku hiyo kila kifurushi hutolewa betri mbele ya macho yake, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ni soksi tupu.

Kwa ajili ya saa hiyo kampuni ilimpa onyo kali na kuipiga marufuku kona. Marufuku ile haikudumu, maana wateja wa pande zote mbili waligoma kusikia. Basi kilichofuata ni nini? Miaka michache baadaye kalenda ya kampuni ilitoka na picha ya kontena lililofungwa utepe, na maneno makubwa: tunasafirisha na upendo. Hakuna aliyemwomba radhi. Kalenda yenyewe hakupewa mpaka nilipompa yangu.

Pale mapokezi kuna picha nyingine ambayo kila mgeni anaoneshwa. Ni ya siku ujumbe wa biashara kutoka kwao ulipofika hapa kutia sahihi mkataba. Bendera mbili zilisimamishwa, wakubwa wakashikana mikono, na Mzee Kona akasimama katikati kutafsiri. Neno lililotawala hotuba zile lilikuwa undugu. Kila lilipotamkwa na mkubwa, ilibidi yeye alitamke tena kwa upande wa pili, mpaka sauti ikamkauka. Picha ilipokuja kuwekwa kwenye fremu ilikatwa ili wakubwa waonekane vizuri. Kwenye picha hiyo Mzee Kona amebaki bega.

Sasa nifike nilipokatazwa. Kibali chake cha kukaa nchini kimefungwa kwenye kazi yake. Kazi ikiisha, kibali nacho kinaisha, na Uhamiaji wanampa mwezi mmoja wa kufungasha. Sheria haikumsahau mtu kama yeye. Inaruhusu aliyekaa sana apewe ukaazi wa kudumu, ilimradi mwajiri wake amdhamini kabla hajaachia kazi. Mzee Kona alianza kuomba kudhaminiwa binti yake akiwa chekechea. Akaambiwa mwakani. Mwakani ikafika, akaambiwa mwakani. Binti huyo sasa ni mwalimu na ana watoto wake mapacha, na mwakani bado haijafika.

Msidhani walisahau. Meneja mmoja, ambaye alishaondoka, aliwahi kutuambia kwenye chumba cha chai, kijiko kikiwa mdomoni, kwamba mtu wa kibali cha mwaka mmoja hasumbui. Haombi nyongeza, hahamii kwa washindani, na ukimwita siku ya mapumziko anakuja. Alisema kweli. Mzee Kona alikuja kila alipoitwa. Cherehani kutoka kwao ikifika hapa inalipiwa ushuru mara moja tu, na kuanzia hapo ni ya hapa mpaka ipate kutu. Aliyeipokea amekuwa akilipiwa kibali mwaka hadi mwaka, na sasa anarudishwa. Fadhila ya punda ni mateke, lakini punda hajui kusoma sheria. Sisi tunajua.

Nasi wafanyakazi tulikaribia kuongeza teke letu. Desturi ya hapa ni kwamba mstaafu hupewa sanduku la safari, zuri, la magurudumu, aende akawatembelee watoto. Kamati yetu ya kuaga wastaafu ikachangisha, ikanunua, ikaliweka ofisini kwangu likiwa na utepe. Hakuna aliyefikiri. Binti yake alipokuja kumsaidia baba yake kukusanya vitu, aliliona, akaligusa mpini, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe na ninyi mnamfukuza?" akasema.

Hakupandisha sauti. Mwenyekiti wa kamati alilibeba sanduku lile kichwani mpaka dukani, akabishana na mwenye duka mpaka likabadilishwa kwa kiti cha kuegemea, chenye mto mgongoni.

Mkewe Mzee Kona alimfuata huku miaka ile ya mwanzo, na amezikwa huku. Kila Jumapili mume hupalilia kaburi, kisha huenda kwa binti yake kupandwa mgongoni na mapacha. Nilimuuliza kule atafikia kwa nani. Alikuwa anakunja kamba za kufungia mizigo, akaendelea kuzikunja.

"Kule walionijua wote nimeshawazika kwa simu," alisema. "Nikishuka pale nitamwambia nani nimerudi?"

Nikamshikia ncha ya pili ya kamba.

Mafanikio yake ningeweza kuyataja mpaka ukurasa ukaisha. Ndiye aliyewafundisha wapakiaji karibu wote mnaowaona hapa leo. Ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa ngozi zilizooza njiani bila pande mbili kufika mahakamani. Wateja wa kwao wakipiga simu hawaulizi kampuni, wanamuuliza yeye, na akiwa amekwenda kunywa chai wanasubiri. Lakini mafanikio ya mtu mzima yasomwe akiwa amekaa kwake ametulia. Leo binti yake yuko hapa mstari wa mbele, na hajui kama mwezi ujao ukiisha watoto wake watakuwa na babu au watakuwa na simu.

Mzee wetu, tunakushukuru. Umetubebea mama zetu, kaka zetu na watoto wetu katika nafasi ambayo wengine waliiona haifai kitu. Umetukaripia tulipofunga fundo vibaya na umetuzikia jamaa zetu tulipofiwa. Kwenye wasifu kama huu watu huandika kwamba tunakutakia kila la heri huko uendako. Sisi huko hatukujui na hatukutakii. Tunakutakia maisha marefu, yenye afya na kelele za wajukuu, hapa hapa unapopajua.

Na kwa kuwa programu hii iko mezani kwa kila mmoja, iko pia mbele ya Mkurugenzi wetu. Tarehe thelathini haijafika. Udhamini unahitaji sahihi yake na muhuri wa kampuni, na muhuri uko juu ya ngazi hizo nyuma yake. Akisimama kutoa hotuba, tunamwomba kwa heshima zote aanzie hapo. Tutamsikiliza kwa utulivu. Makofi tumeyaweka akiba.