Miaka Ishirini na Moja na Onyo Moja: Mama Agustina Mokami Anastaafu

Ndugu mwalikwa, karatasi hii umeikuta katikati ya ratiba ya sherehe, baada ya ukurasa wa chakula. Mkuu wa ofisi hajaiona. Nakusihi uisome kimya, usicheke kwa sauti kama amekaa jirani yako, na ukimaliza uikunje uondoke nayo. Kila neno lililomo ni la kweli, ndiyo maana naomba hata moja lisitoke nje.

Mama Agustina Mokami anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2023, baada ya kufanya usafi katika ofisi yetu ya kupima madini hapa Tarime kwa miaka ishirini na moja kamili. Alizaliwa Gorong'a. Alianza kazi tarehe 1 Julai 2002, siku za rashi, zile mbio za watu kukimbilia dhahabu, wachimbaji wadogo walipokuwa wakipanga foleni kutoka dirisha la mizani hadi barabarani, kila mmoja na dhahabu yake ndani ya kikopo cha dawa ya kifua au kwenye fundo la leso. Walikuja na vumbi la maduara, yale mashimo yao ya kuchimbia, kwenye nywele, kwenye mifuko na kwenye masikio. Waliondoka na risiti, vumbi wakatuachia. Aliyeliondoa ni yeye.

Katika miaka hiyo amevaa sare za kampuni tano. Kwa wageni wasioelewa: ofisi yetu haiajiri wafagiaji. Inatangaza zabuni, kampuni inayoshinda inaleta watu wake, na watu wake siku zote walikuwa Mama Mokami. Tarehe 30 Juni anarudisha sare ya bluu, tarehe 1 Julai anasaini ya kijani, na ufagio haujasogea ulipoegemezwa. Kila kampuni ilimweka katika miezi mitatu ya majaribio. Ramadhan, msimamizi wa kampuni ya tano, alimpa habari hiyo asubuhi ya kwanza, na hapohapo akamwuliza bomba la maji liko wapi.

"Liko nyuma ya stoo, baba," Mama Mokami alimjibu. "Na hayo majaribio ni ya tano. Hata Ayubu hakujaribiwa hivyo."

Alichokuwa akikitaka ni karatasi moja tu. Sheria ya kazi inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, kinachoonyesha amefanya kazi gani na kwa muda gani. Kampuni mbili ziliondoka bila kuandika chochote, na hii ya mwisho ilikuwa tayari kumwandikia mwaka mmoja. Ofisi nayo ilijibu kwamba haimfahamu. Jibu hilo alilipokea akiwa ameshika kikombe cha chai cha mkuu, ambacho yeye peke yake ndiye aliyejua kinakaa wapi. Bila cheti hicho asingeitwa mstaafu. Mstaafu hufanyiwa sherehe. Mtu wa mzabuni huambiwa kesho asije.

Sasa nieleze jinsi sherehe hii ilivyopatikana.

Agosti iliyopita mchimbaji mmoja aitwaye Vicent, kutoka Kisaka, alidondosha ndani ya chumba cha mizani kipande cha dhahabu kikubwa kama punje ya ulezi. Watu wote tulipiga magoti. Mkuu naye alipiga magoti, akiwa na suti. Mama Mokami akaingia, akatuamuru tusimame palepale tulipo na kila mmoja ainue mguu. Kipande kilikuwa kimenasa kwenye soli ya kiatu cha mkuu. Vicent alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo Mama Mokami alijitungia kanuni: hakuna anayetoka chumba cha mizani kabla soli zake hazijapigwa brashi. Hakumbagua mtu.

Oktoba wakaja wageni kutoka makao makuu. Mkuu aliwatembeza, akawaonyesha mizani mpya, akafika mlangoni akitaja takwimu. Mama Mokami alikuwa amechuchumaa pale na brashi yake.

"Mguu, mzee," alisema.

Mkuu alijifanya hajasikia. "Mguu, mzee, na wa pili ujiandae." Basi akauinua, akayumba, akamshika mgeni mwenye cheo kikubwa begani, na wakamaliza ukaguzi wakiwa wamekumbatiana hivyo. Wageni walifurahi sana. Waliinua na ya kwao.

Jioni mkuu aliagiza barua ya mashtaka ya nidhamu iandikwe mara moja. Kosa: kumwinulisha mguu kiongozi wa umma mbele ya wageni.

Hapo ndipo utaratibu ulipoingia. Barua ya nidhamu haitoki masjala bila namba ya jalada binafsi, na Mama Mokami hakuwa na jalada kwa kuwa hakuwa mtumishi. Karani wa masjala alikwenda kulieleza tatizo hilo kwa mkuu. Akaambiwa afungue jalada upesi na aache maswali ya kitoto. Akafungua. Fomu ina nafasi ya tarehe ya kuanza kazi, naye akaandika 1 Julai 2002, kwa sababu ndiyo tarehe aliyoanza. Ina nafasi ya cheo, akaandika Mhudumu. Barua yenyewe ina maneno yake ya siku zote, "Wewe ukiwa mtumishi wa ofisi hii tangu tarehe," na karani akajaza panapojazwa. Mkuu alisaini kwa hasira, na hasira haisomi.

Kesho yake Mama Mokami alikuja dirishani akiwa na barua. Karani alimwamkia shikamoo mara mbili kwa woga.

"Marahaba. Mura, kijana wangu, hapa umeandika mtumishi."

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Samahani ya nini? Nipe nakala mbili, zote na mhuri."

Nakala moja aliipeleka kwa Bi Zaitun, katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, ambaye aliisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Siku ya kikao cha nidhamu walikaa pamoja. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Kornelio, alifika katikati ya jalada ndipo akaliona jambo lenyewe, akavua miwani.

"Mama, shauri hili tulifute," alisema. "Wewe ni wa mzabuni."

"Mwenyekiti, mimi nimekiri kosa. Mguu nimeuinulisha."

"Basi tunakusamehe."

"Sitaki msamaha, nataka adhabu. Au mnataka kuandika kwamba mkuu amesaini uongo?"

Hakuna mjumbe aliyetaka sentensi hiyo iingie kwenye muhtasari. Bwana Kornelio akatamka onyo la maandishi. "Na nakala jaladani," Bi Zaitun akaongeza. Mkuu akalisaini onyo hilo siku hiyohiyo, kwa furaha.

Aprili mwaka huu Mama Mokami aliandika barua ya kuomba kustaafu. Bi Zaitun aliipeleka mezani kwa mkuu pamoja na zile mbili zenye saini yake, ya mashtaka na ya onyo. Kukataa ya tatu ilikuwa ni kuzikana mbili za kwanza. Mkuu alikaa nazo wiki nzima, nasi tukamwona akitembea taratibu kama mwenye kiatu kinachobana. Kisha akasaini. Cheti kinasema: miaka ishirini na moja, Mhudumu, mwenendo mzuri, onyo moja. Karani alitaka kuliacha onyo nje kwa heshima, lakini Mama Mokami alikataa. "Liandike kwa herufi kubwa, mura. Mtu wa mzabuni haonywi, anafukuzwa."

Mama, asante kwa sakafu, kwa chai, na kwa kutufundisha kuinua miguu. Unarudi Gorong'a kwenye mahindi na mbuzi wako ukiwa mstaafu halali mwenye jalada. Mvua ikukute umeshapanda, magoti yasikusumbue, na afya iwe yako kwa miaka mingi kuliko tuliyokusumbua.

Mwisho, tafadhali: Marwa, mlinzi wa getini mwenye miaka kumi na minne ya kazi na sare tatu, ameshaulizia kosa gani linamfaa mtu wa umri wake. Wengine wa mzabuni wenye swali kama hilo wasinipigie simu wala kunitaja jina. Njoo dirisha la masjala saa saba mchana, mkuu akiwa amekwenda kula. Sema unatafuta barua iliyopotea. Ukiulizwa ni ya lini, taja tarehe uliyoanza kazi.